Kutoka "Amerikani" hadi Sukari ya Navakholo: Jina la Nchi Katika Uchaguzi wa Bidhaa

1. Utangulizi

Mnunuzi wa Afrika Mashariki, awe wa mwambao au wa bara, huuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha yake: bei ya kitu, muda kitakaodumu, na mahali kilikotoka. Maswali mawili ya kwanza yameandikiwa mengi na wachumi. Swali la tatu limeachiwa maofisa wa forodha, ilhali lina historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo imehifadhiwa katika msamiati wa Kiswahili. Majina ya bidhaa yana kumbukumbu ya safari za bidhaa zenyewe.

Makala haya yanakusudia kufuata jina la nchi linavyotumika katika kuchagua bidhaa, tangu enzi ya misafara hadi siku hizi, na kulipima jambo hilo kwa mfano wa Navakholo, eneo la wakulima wa miwa na mahindi lililo kaskazini-magharibi ya mji wa Kakamega nchini Kenya. Hoja inayotetewa ni hii: jina la nchi huanza kwa kutoa habari, likaendelea kwa kutoa ahadi, na mwisho likabaki jina tupu la kitu. Anayenunua kwa kufuata jina hana budi kujua jina hilo limefika hatua ipi. Kwa mkulima wa Navakholo suala hili linahusu riziki, kwa kuwa maneno yaliyochapwa juu ya mfuko wa sukari ndiyo yanayodai kuwa jasho lake limo ndani.

2. Hatua tatu za jina

Katika hatua ya kwanza jina la nchi huambatanishwa na jina la kitu kwa -a unganifu: kitambaa cha Amerika, baisikeli ya Uingereza, pikipiki ya India. Usemi wa namna hii ni habari. Waweza kuwa wa kweli au wa uongo, na msikilizaji ana haki ya kudai ushahidi.

Katika hatua ya pili jina la nchi hugeuka kuwa sifa. Fundi anaposema kwamba nyundo fulani "ni ya Ujerumani", mara nyingi haelezi jiografia. Anasifu uimara wa chuma. Hali kadhalika, kijana wa Kenya anaposema kwa dharau kwamba simu "ni ya Mchina", huwa na maana kuwa haitadumu, hata kama hajui ilikounganishwa. Ubovu au ubora umekwisha kuhamia ndani ya jina.

Katika hatua ya tatu -a unganifu huanguka na jina la mahali husimama peke yake kuwa jina la kitu. Mifano ni mingi kuliko inavyodhaniwa. Sinia, chombo ambacho bila yake hakuna karamu ya pilau, lina asili katika neno la Kiarabu ṣīniyya, yaani kitu cha China. Mahindi yanataja Bara Hindi, ingawa mmea wenyewe asili yake ni Meksiko, na uliletwa ng'ambo hii ya dunia baada ya Wazungu kufika Amerika. Waswahili hawako peke yao katika jambo hili: Waitalia huyaita mahindi granoturco, yaani nafaka ya Waturuki. Bata bukini huhifadhi jina la zamani la kisiwa cha Madagaska. Na mchele wa pishori, fahari ya wakulima wa Mwea, umechukua jina la mji wa Peshawar ulioko Pakistani.

Kuna jaribio jepesi la kutambua kwamba jina limefika hatua ya tatu. Likiweza kufuatwa na jina la nchi nyingine bila msikilizaji kuona kinyume, basi jina la kwanza limekufa kama jina la mahali. Husemwa "pishori ya Mwea" na "sinia la India", wala hakuna anayeshangaa. Mwezi Mei 2017, wakati unga ulipoadimika na bei yake kupanda, meli iliingia Mombasa ikiwa na karibu tani 30,000 za mahindi meupe kutoka Meksiko. Wakenya walijadiliana kwa ukali juu ya bei na juu ya jinsi shehena hiyo ilivyofika kwa haraka, lakini usemi "mahindi ya Meksiko" haukumkwaza yeyote. Mmea uliotoka Meksiko kwa jina la Hindi uliletwa tena kutoka Meksiko, nalo jina la Hindi lilikuwa limekwisha kunyamaza zamani.

3. Amerikani

Mfano ulio bora wa mwendo huu wote ni neno amerikani, au merikani kwa matamshi ya wengine. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia sahihi mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, akaanza kazi Unguja. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuja kutafuta pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Walichokileta zaidi ni kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kizito, kilichofumwa katika viwanda vya jimbo lao.

Kitambaa hicho kilienea bara kwa kasi. Kilipimwa kwa mikono. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti. Kililipa mishahara ya wapagazi, hongo za watawala wa njiani na bei ya chakula. Kwa kuwa kilitumika kama fedha, watu walikichunguza kama fedha inavyochunguzwa. Waingereza walipotengeneza kitambaa cha kuiga, wanunuzi wengi wa bara walikikataa. Sababu yao ilikuwa na msingi. Vitambaa vingi vya Lancashire vya wakati huo vilitiwa wanga na udongo mweupe ili vionekane vizito, navyo vilipofuliwa vililegea. Kwa mnunuzi wa Unyamwezi au wa Uganda, jina amerikani lilikuwa kipimo cha ubora. Hakuwa na haja ya kujua Massachusetts iko wapi. Alihitaji kujua kwamba kitambaa chenye jina hilo hakimdanganyi baada ya kufuliwa.

Mambo yalibadilika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861. Pamba ya majimbo ya kusini ilizuiwa, viwanda vya kaskazini vikapungukiwa, na hadi vita vilipomalizika mwaka 1865 soko la Unguja lilikuwa limefunguliwa kwa wengine. Uingereza iliingia, na baadaye viwanda vya Bombay, ambavyo vilianza kufuma katika miaka ya 1850, vikachukua nafasi kubwa. Hata hivyo jina halikubadilika. Kitambaa cha namna ile, kiwe kimefumwa Manchester au Bombay, kiliendelea kuitwa amerikani. Kwa wanunuzi jina lilishikamana na uzito, rangi na ufumaji wa kitambaa. Nchi ilikuwa imekwisha kuanguka.

4. Jina linapoingia bara

Soko la Mumias lilikuwa mlango wa bidhaa hizi kwa watu wa magharibi mwa Kenya. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika huko katika nusu ya pili ya karne ya 19, nayo ilikaribishwa na watawala wa Wanga, hasa Nabongo Mumia aliyetawala tangu mwaka 1882. Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883. Kutoka Mumias hadi Navakholo, nchi ya Abanyala, si mwendo wa zaidi ya siku moja kwa miguu. Nguo, shanga na nyaya zilisambaa katika vijiji vya jirani kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901 na kabla ya maduka ya Wahindi kufunguliwa katika vituo vya utawala.

Isidhaniwe, hata hivyo, kuwa watu wa sehemu hizo walifundishwa na wageni kuuliza kitu kimetoka wapi. Kabla ya bidhaa za ng'ambo, vilima vya Samia vilisifika kwa chuma. Wahunzi wake walifua majembe yaliyosafiri mbali, yakauzwa kwa Waluhya wengine na kwa Wajaluo, na kutumika hata katika mahari. Aliyetafuta jembe la Samia alikuwa akichagua kwa mahali, kama alivyofanya baadaye aliyetafuta kitambaa cha Marekani. Tofauti ni kwamba Samia ilifikika. Aliyetilia shaka jembe aliweza kwenda mwenyewe hadi kwenye kiwanda cha mhunzi na kuuona moto. Majembe ya viwandani, kama yale ya chapa ya mamba yaliyotengenezwa Wolverhampton, Uingereza, yalipoingia kwa wingi katika karne ya 20, mnunuzi alibaki na picha ya mnyama na sifa ya nchi asiyoweza kuikagua. Hapo ndipo jina lilipoanza kubeba mzigo uliokuwa ukibebwa na macho.

Katika miaka ya 1930 mgeni mwingine aliingia sokoni, naye ni Japani. Mkataba wa Berlin wa 1885, uliorekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, uliitaka Uingereza isizibague bidhaa za nchi nyingine katika eneo lililoitwa bonde la Kongo, ambalo kibiashara lilijumuisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kwa hiyo mwaka 1934 Uingereza ilipoweka mipaka kwa nguo za Japani katika makoloni yake mengi, Afrika Mashariki haikuguswa. Nguo za Japani, amerikani ikiwamo, zilijaa madukani kwa bei ambayo viwanda vya Lancashire havikuiweza. Wakuu wa kikoloni na wenye viwanda wa Uingereza walilalamika, lakini mkulima aliyekwisha kulipa kodi ya nyumba kutokana na mapato madogo hakuwa na sababu ya kuihurumia Lancashire. Hivyo "amerikani ya Japani" ikawa jambo la kawaida, na jaribio lililotajwa hapo juu likatimia.

5. Chapa ya aibu na chapa ya sifa

Wakati majina haya yakijitembelea yenyewe katika masoko ya Afrika, nchi za viwanda zilianza kuyafunga kwa sheria. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa. Kwa sheria hiyo, bidhaa za kigeni zenye alama au maneno ya kudokeza asili ya Kiingereza zilitakiwa kutaja nchi zilikotengenezwa. Shabaha hasa ilikuwa Ujerumani, ambayo visu na zana zake zilisemekana kuwa hafifu na za kuiga. Ilitumainiwa kwamba mnunuzi akisoma jina la Ujerumani atageuza uso. Kilichotokea ni kinyume. Wajerumani waliboresha kazi yao, na mnunuzi aliyeridhika sasa alijua wa kumshukuru. Katika muda usiofika kizazi kimoja, chapa iliyokusudiwa kuwa aibu ikawa sifa, na imebaki kuwa sifa hadi leo.

Methali ya Kiswahili husema kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Historia ya chapa ya Ujerumani inaonyesha kwamba hata kizuri huhitaji jina la kukitambulisha, na kwamba sheria inayotaka jina liwe la kweli humfaa mtengenezaji mwaminifu, hata kama ilitungwa ili kumdhuru.

Kiswahili cha Kenya kina mgeuko unaofanana na huo ndani ya neno kienyeji. Zama za ukoloni, na miaka mingi baadaye, bidhaa nzuri zilikuwa "za kizungu" au "za ulaya", na za "kienyeji" zilihesabiwa kuwa za asiye na uwezo. Leo kuku wa kienyeji huuzwa kwa bei ya juu kuliko yule wa gredi, na mnavu, mgagani na mrenda, mboga ambazo nyumba za Waluhya hazikuziacha kamwe, zimepanda hadhi katika masoko ya miji. Neno halikubadilika umbo wala ngeli; aliyebadilika ni anayelitamka. Aidha, katika biashara ya mitumba, iliyopanuka sana masoko yalipofunguliwa katika miaka ya 1990, belo husifiwa kwa jina la nchi: ya Kanada, ya Uingereza. Shati lililoshonwa Bangladeshi, likavaliwa Toronto, likauzwa Kakamega, huwa "la Kanada". Nchi inayotajwa ni ya mvaaji wa kwanza wala si ya mshonaji. Msemaji hadanganyi, kwa kuwa wanunuzi wote wanaijua kanuni hiyo.

6. Sukari na mfuko wake

Navakholo imezungukwa na historia ya sukari. Kiwanda cha Mumias kilianza kusaga miwa mwaka 1973, kile cha Nzoia, upande wa Bungoma, mwaka 1978, na baadaye vikafuata vya West Kenya, katika nchi ya Kabras, na Butali. Kwa wakulima wa Navakholo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya jimbo la uchaguzi la Lurambi hadi ilipopata jimbo lake katika uchaguzi wa 2013, muwa ndio uliolipa karo na kuezeka nyumba kwa mabati. Muwa hauwezi kungoja. Ukikomaa na usipokatwa hupoteza utamu, na ukikatwa na usisagwe upesi hupoteza uzito. Mkulima wake hawezi kuufungia ghalani kama mahindi hadi bei ipande.

Kwa muda mrefu uzalishaji wa sukari wa Kenya umekuwa chini ya mahitaji yake, na pengo limezibwa na sukari ya nje. Eneo la biashara huru la COMESA lilipoanzishwa mwaka 2000, Kenya ilijiunga, kisha ikaomba kinga kwa sukari yake, na kinga hiyo iliongezwa mara kwa mara. Wakati huohuo sukari ya magendo ilivuka mipaka bila kujali mkataba wowote. Kampuni ya Mumias, ambayo jina lake lilikuwa karibu sawa na jina la sukari katika nyumba nyingi za Kenya, ilidhoofika kwa madeni, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu. Sukari ya nje ilikuwa mojawapo tu ya sababu zilizotajwa. Uongozi mbaya na uhaba wa miwa zilitajwa pia. Lakini wakulima waliosubiri malipo ya miwa waliyokwisha kuitoa hawakupata faraja katika kuzipanga sababu hizo kwa uzito.

Serikali za Kenya zimejaribu kuligeuza jina la nchi kuwa ngao. Wito wa kuwataka wananchi wanunue bidhaa za Kenya ili waijenge Kenya ulisikika mara nyingi, na mwaka 2017 ukafanywa mkakati rasmi wa serikali. Ni wito wa haki. Shilingi inayonunua sukari ya Kakamega hurudi Kakamega kwa njia ya mkataji miwa, dereva wa trekta na mwalimu anayelipwa karo. Lakini wito huo umejengwa juu ya sharti moja ambalo halitamkwi, nalo ni kwamba maneno "ya Kenya" yawe bado katika hatua ya kwanza, yaani yawe habari ya kweli.

Mwaka 2018 sharti hilo lilitikiswa. Serikali ilitangaza kukamatwa kwa shehena za sukari ya magendo, na katika mjadala uliofuata yalitolewa madai kwamba sukari ya nje ilikuwa ikihamishiwa katika mifuko yenye majina ya hapa nchini. Kwa mwanaisimu, madai hayo yana maana ya pekee. Yanasema kwamba "sukari ya Kenya" iko katika hatari ya kuwa kama amerikani: jina la nchi moja likiwa juu ya bidhaa ya nchi nyingine.

Hata hivyo mifano hii miwili isichanganywe. Amerikani ilipoteza nchi yake hadharani. Wauzaji na wanunuzi walijua kwamba kitambaa kimetoka Bombay au Japani, wakaendelea kutumia jina la zamani kwa hiari yao, kama wanavyotumia mahindi na sinia. Hapo maana ilibadilika kwa makubaliano ya wasemaji, na badiliko la namna hiyo ndilo uhai wa lugha. Mfuko wa sukari uliobadilishiwa kilichomo hautegemei makubaliano. Unamtegemea mnunuzi aamini kwamba jina lingali katika maana yake ya kwanza, wakati muuzaji amekwisha kuliua kwa siri. Katika jambo la kwanza jina limechakaa. Katika la pili jina limeibwa, na wenye mali ni wawili: mnunuzi aliyelipa kwa nia ya kuijenga nchi yake, na mkulima ambaye jina lake limetumika kuuza jasho la mwingine wakati miwa yake inakauka shambani.

7. Hitimisho

Kuchagua bidhaa kwa kufuata nchi si ujinga wala si uzalendo mtupu. Mnunuzi wa karne ya 19 aliyeikataa nguo ya kuiga alikuwa na akili timamu; alitumia jina kwa kuwa lilikuwa limethibitishwa na maji ya kufulia. Yule wa miaka ya 1930 aliyechukua amerikani ya Japani alikuwa na akili pia. Alijua kwamba jina halisemi tena nchi, akafuata bei. Anayenunua leo mfuko wa sukari kwa sababu umeandikwa jina la jirani yake anafanya jambo lililo gumu zaidi kuliko hao wawili. Sukari haina ufumaji wa kutazamwa wala hailegei ikifuliwa. Chembe ya Brazili na chembe ya Kakamega huyeyuka sawasawa katika chai. Hana kipimo kingine ila maandishi.

Kwa sababu hiyo kulinda ukweli wa jina ni sehemu ya kumlinda mkulima, sawa na kumlipa kwa wakati. Wanaotunga sheria za biashara wangefaidika kwa kujifunza kutoka kwa historia ya maneno, kwamba jina la mahali lisipoangaliwa halikai mahali pake. Nao wanaokusanya msamiati wa Kiswahili katika maeneo kama Navakholo wana kazi inayostahili kufanywa mapema: kuandika, bidhaa kwa bidhaa, ni majina yapi ambayo wasemaji wameyaachia nchi zake wenyewe, na ni yapi ambayo bado wanayasoma kama ahadi.